Kuuza mashua uliyokuwa ukiishi: uuze mwenyewe, umpe dalali, au uiachie haraka?

Mnunuzi anapopanda mashua ya matanga iliyokuwa nyumba yako, yeye anakagua chombo cha safari. Wewe unamwona akifungua kabati ulilolichonga kwa mikono yako mwezi ule mliokwama mkisubiri upepo, na kubonyeza godoro ulilolalia miaka. Halafu anasema bei iko juu. Hapo ndipo wauzaji wengi hukosea, kwa sababu wanachagua njia ya kuuza wakiwa na uchungu wa kuachana na chombo, au wakiwa na hasira ya kamisheni. Hesabu yenyewe hawajaifanya.

Njia zinazopatikana kwa kweli ni tatu. Ya kwanza ni kuuza mwenyewe: unaandika tangazo, unapokea simu, unamtembeza mnunuzi na kuandaa hati ya mauziano. Ya pili ni kumpa dalali wa mashua, ambaye hutangaza, huchuja wanunuzi, hushika arbuni na kusimamia makaratasi kwa kamisheni. Ya tatu ni kuiachia haraka kama ilivyo, kwa mfanyabiashara wa vyombo, kwa mnada, au kwa fundi anayetafuta mashua ya kukarabati.

Nitazilinganisha kwa mambo matano: pesa itakayobaki mkononi, muda, kazi na umbali, usalama wa pesa na hati, na maisha yako humo ndani wakati inauzwa. Hili la mwisho wengi hulisahau, ilhali kwa mtu anayeishi majini ndilo humchosha kuliko yote.

Pesa itakayobaki mkononi

Dalali kwa kawaida huchukua karibu asilimia 10 ya bei iliyolipwa. Kwa mashua za bei ndogo wengi huweka kima cha chini kisichoshuka, kwa hiyo sehemu halisi anayochukua inaweza kupita hapo. Ukiiangalia peke yake, ni pesa nyingi, na kuuza mwenyewe kunaonekana ndiyo njia ya wazi.

Sasa weka tarakimu nyingine kando yake. Wenye mashua wamezoea kukadiria kwamba kuitunza kwa mwaka mmoja, ukijumlisha maegesho, bima, kuipandisha nchi kavu, rangi ya chini ya maji na vipuri, hula karibu sehemu moja ya kumi ya thamani yake. Ni makadirio tu, na kila chombo kina tabia zake, lakini yanatosha kukuonyesha jambo moja: mwaka mmoja wa kusubiri una uzito uleule wa kamisheni ya dalali. Ikiwa dalali angeiuza miezi 6 kabla yako, nusu ya ulichookoa imeshaliwa na gati. Ikiwa wewe ungeiuza haraka kama yeye, basi kamisheni yote ni yako. Kwa hiyo asilimia yake ni nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni nani kati yenu atamfikia mnunuzi mapema.

Anayeuza mwenyewe akumbuke pia kwamba mnunuzi anajua hakuna dalali. Wengi huja wakitaka ile kamisheni mgawane, na mara nyingi wanafanikiwa.

Kwenye kupanga bei, dalali ana kitu usicho nacho. Bei unazoziona kwenye matangazo ni za kuombwa, si zilizolipwa. Madalali wanaotumia YachtWorld, tovuti ya kutangaza mashua, wana kumbukumbu ya bei zilizoripotiwa baada ya mauzo, na pengo kati ya hizo mbili linaweza kuwa kubwa. Muuzaji binafsi hukisia, na akikisia juu, tangazo huchakaa. Wanaotafuta mashua huzitazama zilezile kila wiki, na ile iliyokaa miezi mingi huanza kushukiwa hata kama haina kasoro yoyote.

Njia ya tatu huleta pesa kidogo zaidi, hilo halina ubishi. Ila hesabu yake ni safi: gharama zinakoma siku hiyo, na hakuna awamu ya pili ya kupatana bei baada ya ukaguzi. Tena kuna mashua ambazo thamani yake imeshuka chini ya sifuri bila mwenyewe kujua. Fiberglasi haiozi, mtu hulazimika kulipa iondolewe. Ufaransa tangu 2019 ina mpango wa kuvunja vyombo vya burudani vilivyozeeka bila kumtoza mwenyewe, mradi agharimie kukifikisha chombo mahali pa kuvunjia, lakini kwingi mzigo huo ni wako wote. Ukiwa na mashua ya namna hiyo, mtu anayeichukua kwa bei ya chini amekupunguzia deni.

Na neno moja kwa njia zote: pesa uliyoizamisha kwenye vifaa vipya hairudi yote. Mtambo mpya wa ramani, paneli za sola na betri za lithiamu huisaidia mashua yako iuzike mapema kuliko ya jirani, lakini haziongezi bei kwa kiasi ulicholipa. Najua inauma. Usivijumlishe kwenye bei ukitumia risiti.

Muda, na mahali mashua ilipo

Mashua za kuishi na kusafiria zina wanunuzi wachache kuliko boti za mchana. Anayezitaka anapanga kubadilisha maisha yake, na uamuzi kama huo hauji kwa wiki moja. Miezi kadhaa ni jambo la kawaida kwa njia mbili za kwanza. Ya tatu inaweza kuchukua siku.

Mahali huamua mengi kuliko hali ya chombo. Mabaharia wengi hukata tamaa au humaliza safari mahali pamoja: wanaovuka Pasifiki hufika New Zealand na Australia kabla msimu wa vimbunga haujaanza Novemba, na huko mashua nyingi huwekwa sokoni kwa mkupuo. Kwenye Karibea, msimu wa vimbunga wa Atlantiki unaoanza tarehe 1 Juni huwalazimisha wamiliki kuamua mapema. Pale wauzaji wanapojaa na wanunuzi wakiwa mbali, kuuza mwenyewe huwa kugumu, hasa ukiwa umesharudi kwenu kwa ndege. Dalali aliye hapohapo ana wateja wanaosafiri kuja kutazama mashua 5 kwa siku mbili. Yako itakuwa ya 6 kwenye orodha yao au haitakuwemo kabisa.

Kinyume chake, kama chombo chako ni cha aina inayojulikana, tuseme Hallberg-Rassy au Amel, wenye mashua hizo wana vikundi vyao na wanunuzi wanaozisubiri kwa jina. Hapo tangazo lako mwenyewe, lililoandikwa vizuri na kwa ukweli, linaweza kumfikia mtu sahihi bila dalali. Mashua iliyojengwa nyumbani, ya saruji au ya chuma, haina bahati hiyo, na baadhi ya madalali hawataipokea.

Soma mkataba wa dalali kabla ya kusaini. Wengi hutaka haki ya peke yao kwa kipindi maalumu, na katika kipindi hicho wengine hudai kamisheni hata kama mnunuzi umempata wewe mwenyewe. Kama tayari una rafiki aliyeonyesha nia, andika jina lake kwenye mkataba kuwa ametengwa na kamisheni hiyo. Madalali wengi hukubali wakiombwa mwanzoni, wala si mwishoni.

Kazi na umbali

Maandalizi ni yaleyale, uuze mwenyewe au umpe dalali. Dalali hatakuoshea ngama, ile sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua ambako maji hukusanyika. Atakuja apige picha, na kama ngama ina maji meusi yanayonuka dizeli, picha haitaonyesha lakini pua ya mnunuzi itajua kabla hajashuka ngazi ya tatu.

Nikueleze jinsi siku ya ukaguzi inavyokwenda, maana ndipo bei halisi hupatikana. Mkaguzi, ambaye hulipwa na mnunuzi, anafika asubuhi. Kabla ya kusema mengi anaweka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, anajua mwenye mashua ameiwasha mapema ili isigome mbele ya watu, na tangu hapo anakuwa na shaka na kila kitu. Iache ibaki baridi. Kisha anainua mbao za sakafu na kumulika bolti za mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Anafungua na kufunga kila valvu ya maji ya bahari, na ile iliyoganda anaiandika. Mashua ikishapandishwa nchi kavu anaigonga bodi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza. Sauti kavu, ya juu, ni nzuri. Sauti ikizama ghafla, kama umegonga mkate, anarudi palepale na kugonga tena, na mnunuzi anatazama uso wako.

Halafu anatazama juu. Nyaya za chuma zinazoshika mlingoti zikiwa na umri kati ya miaka 10 na 15, kampuni nyingi za bima zitataka zibadilishwe kabla ya kumkatia bima mmiliki mpya. Mnunuzi atakuja na tarakimu hiyo kwenye kupatana. Ukijua tarehe zilipowekwa na una risiti, mazungumzo ni mafupi. Usipojua, zitahesabiwa kuwa za zamani kama mashua yenyewe. Vivyo hivyo kwa fataki za dharura zilizopita muda na boti ya uokoaji ya kujazwa hewa ambayo haijafanyiwa huduma: ni vitu vidogo ukilinganisha na bei ya chombo, lakini kila kimoja humwambia mnunuzi jinsi ulivyoitunza.

Ukiuza mwenyewe, wewe ndiye utakayesimama hapo. Lazima uwe karibu, uweze kukatiza kazi yako mtu akisema yuko njiani, na uweze kusikia chombo chako kikisemwa vibaya bila kujibu kwa hasira. Si kila mtu anaweza, na kukiri hivyo mapema ni jambo jema. Dalali akiwa katikati, ripoti ya ukaguzi hukufikia ikiwa karatasi, na unajibu ukiwa umetulia.

Wapo pia wanaotaka tu kutembezwa. Iwe wewe au dalali, utaratibu uwe huu: kwanza makubaliano ya bei kwa maandishi na arbuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, kisha ukaguzi, kisha safari ya majaribio. Anayeomba kuanza na matanga kabla ya arbuni, mkaribishe chai hapo gatini.

Kwa njia ya tatu kazi ni ndogo. Toa vitu vyako, andika kasoro unazozijua, na umwonyeshe mnunuzi kila kitu ili asirudi na lawama.

Usalama wa pesa na hati

Sheria za bahari zina jambo ambalo wanunuzi wenye uzoefu hulijua vizuri: madeni fulani hukiandama chombo chenyewe, si mwenye kukopa peke yake. Mishahara ya mabaharia isiyolipwa au gharama za uokoaji baharini, na katika nchi fulani hata bili ya karakana, vinaweza kuifuata mashua mpaka mikononi mwa mmiliki mpya. Ndiyo maana hati safi huuza, na mashua nzuri yenye hati zenye mapengo hukwama.

Jua usajili wako unathibitisha nini. Uingereza, kwa mfano, ina sehemu ya kwanza ya daftari lake inayoonyesha umiliki na rehani, na sehemu ya tatu, ya vyombo vidogo, isiyothibitisha umiliki. Wengi hudhani kadi ya sehemu ya tatu inatosha, kumbe mnunuzi atadai pia mlolongo wa hati za mauziano za nyuma. Katika ile sehemu ya kwanza chombo hugawanywa hisa 64, kwa hiyo ikiwa mlinunua wawili, sahihi ya mmoja haiuzi chombo chote. Marekani, mashua iliyosajiliwa na Walinzi wa Pwani ina kumbukumbu ya umiliki na rehani ambayo mnunuzi anaweza kuiomba mwenyewe, hivyo iombe wewe kwanza uone kilichoandikwa.

Kwa mashua zilizo Umoja wa Ulaya kuna maswali mawili ya lazima. Je, kodi ya ongezeko la thamani ililipwa, na ushahidi uko wapi? Na je, chombo kilichoingia soko hilo mara ya kwanza baada ya tarehe 16 Juni 1998 kina alama ya CE, ile inayoonyesha kinatimiza viwango vya Ulaya? Mmiliki asiye mkazi wa Umoja huo anaweza kuiweka mashua yake huko miezi 18 bila kulipa kodi hiyo, lakini nafuu hiyo ni yake yeye, na mnunuzi mkazi hairithi. Mauzo mengi yaliyokuwa yamekubaliwa yamevunjika hapo.

Dalali mzuri huyajua haya yote na huishika arbuni kwenye akaunti ya wateja iliyotengwa na pesa zake. Uliza kama anayo akaunti hiyo, na jibu liwe kwenye mkataba. Asiye nayo anakupunguzia sababu kuu ya kumlipa. Ukiuza mwenyewe, mwanasheria au wakala wa hati za vyombo anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa ada, na mimi naona ndiyo pesa ambayo muuzaji binafsi hapaswi kuibania.

Jihadhari na mnunuzi anayekubali bei nzima bila kuitazama mashua, akatuma hundi inayozidi bei, kisha akaomba ziada umrudishie au umlipe msafirishaji wake. Hundi itakuja kukataliwa baada ya ile ziada kuondoka. Wauzaji binafsi ndio wanaolengwa, kwa sababu hakuna mtu wa tatu wa kusimama na kuuliza.

Kwenye kuuza haraka, usalama unategemea hati moja fupi: imeuzwa kama ilivyo, tarehe, saa, namba ya chombo, sahihi za pande zote. Kisha ripoti kwenye daftari la usajili siku hiyohiyo. Mashua ikija kuzama gatini ikiwa bado jina lako ndilo lililoandikwa, bili itakutafuta wewe.

Kuishi ndani wakati inauzwa

Hapa hakuna njia isiyo na maumivu. Mashua inayokaliwa ni kavu, ina hewa, betri zimejaa na pampu zinafanya kazi. Ile iliyofungwa miezi miwili huota kuvu kwenye mito na kunuka bomba la choo. Kwa upande mwingine, mashua inayokaliwa imejaa. Mnunuzi akifungua sanduku la kwanza akakuta nguo, la pili vitabu, la tatu makopo, anahitimisha kwamba chombo hakina nafasi.

Ukiondoa mizigo ya miaka ya kuishi, mashua huinuka. Utaona ukanda wa rangi ya zamani na mwani ukijitokeza juu ya maji, ushahidi wa uzito uliokuwa ukiubeba. Usugue kabla ya picha.

Kwa dalali, wageni huja kwa miadi na mara nyingi huomba usiwepo. Ni busara, kwa sababu watu husema wanachofikiri mwenyewe asipokuwepo. Lakini inakuwa asubuhi baada ya asubuhi ya kufunga kitanda, kuficha vyombo na kwenda kukaa nje. Ukiuza mwenyewe unapanga saa, na unaweza kumweleza mnunuzi jinsi mashua inavyotulia kwenye mawimbi na matanga gani ya kupunguza kwanza. Mnunuzi anayetaka kwenda mbali huthamini sana maelezo hayo, na hakuna dalali anayeweza kuyatoa kama wewe. Kuuza haraka hukuondolea haya yote, ila hukuacha na siku chache za kutafuta pa kulala.

Kwa vyovyote, andika orodha ya vitu vinavyobaki kabla tangazo halijatoka, na vile unavyovipenda vitoe kwanza. Kilichoonekana kwenye picha kitadaiwa.

Chagua kwa hali yako

Unaishi ndani, huna haraka, hati zako zimekamilika na mashua yako ni ya aina inayojulikana: jaribu kuuza mwenyewe, lakini jiwekee ukomo, tuseme miezi 4 ya msimu mzuri. Lipia wakala wa hati. Ukomo ukifika bila ofa ya kweli, mpe dalali bila kuona aibu.

Umesharudi nchi kavu na mashua iko ng'ambo: dalali aliye karibu nayo. Kamisheni utakayolipa ni ndogo kuliko nauli za kwenda kufungua mlango kila anapojitokeza mgeni. Mlipe pia mtu wa kuipitishia hewa na kuwasha injini kila baada ya wiki mbili.

Mashua ina thamani kubwa, au mnunuzi atatoka nchi nyingine kwa kodi nyingine na usajili mwingine: dalali tena, yule mwenye akaunti ya wateja.

Mashua ni ya bei ndogo na kima cha chini cha dalali kingekula robo ya pesa: uza mwenyewe, taja kila kasoro kwenye tangazo, na uweke bei inayolingana nazo.

Nyaya zimezeeka, injini haiwaki, na gati inakudai: tafuta anayeichukua kama ilivyo mwezi huu. Lipa deni la gati kwa pesa hiyohiyo kabla ya kutoa hati.

Afya imebadilika, au mwenzako ambaye mlisafiri naye hayupo tena: usianze na bei. Mwombe mtu unayemwamini akae nawe mnapotoa vitu, sanduku kwa sanduku, kabla ya mgeni wa kwanza kupanda. Dalali au mnunuzi wa haraka anaweza kusubiri wiki mbili.